Fundi wa kuchomelea vyuma: chuo gani Mtwara au Lindi chenye ada nafuu na karakana inayofanya kazi kweli?

#1 Baba Zulfa

Wakuu, heshima kwenu.

Nina kijana wa marehemu kaka yangu hapa Tandahimba. Kamaliza kidato cha nne mwaka jana, matokeo hayakumbeba, ila mikono yake ni ya vyuma. Tangu yuko shule ya msingi anashinda kwa fundi baiskeli, na ukimkosa nyumbani ujue yuko huko. Pesa ya korosho ya msimu uliopita nilitenga laki saba kwa ajili yake na bado ninayo. Sitaki iishie kwenye pikipiki ya mkopo.

Nimeuliza watu watatu, kila mmoja na lake. Wa kwanza kasema VETA tu, vile vyuo vya ufundi vya serikali, mengine usihangaike. Wa pili kanipa karatasi ya chuo binafsi mjini Mtwara: miezi mitatu, laki sita na nusu, akitoka hapo ni "welda kodedi" na kazi za gesi zinamsubiri. Wa tatu ni fundi mwenye kijiwe. Huyo kaniambia nisitoe hata shilingi, nimpelekee kijana amfundishe bure, kwa sababu wanaotoka vyuoni na vyeti vyao hawajui hata kuwasha rodi ya kuchomelea.

La huyu wa tatu ndilo linaloninyima raha. Kama ni kweli mtu anasoma miaka miwili anatoka hajui, tatizo ni nini? Walimu? Vifaa? Vijana wenyewe? Sitafuti jina kubwa la chuo, natafuta mahali atakapotoka na kazi mkononi. Wenye uzoefu naombeni.

#2 Chikongola Kwetu

Mtwara kuchele! Mzee, huyo fundi wa tatu kakwambia kweli tupu. Mimi nina kijiwe, kila mwaka naletewa vijana wa fildi. Mpe mshono wa kulala atakuchomea vizuri. Msimamishie chuma wima umwambie apandishe mshono kutoka chini kwenda juu, yote inamwagika chini. Mwache akae kijiweni miaka miwili, mchana anakula, jioni anapewa ya sabuni, na kazi ataijua. Mteja wa geti hajawahi kuniuliza cheti.

#3 Binti Mwera

Natia nanga hapa. Nina mdogo wangu Ruangwa ana swali hilohilo.

#4 Rodi Kavu

Baba Zulfa, tuanze na hesabu.

Vyuo vya VETA vya serikali, ada kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Hiyo ni ada peke yake. Kuna ovaroli, buti, godoro, vifaa vya mkononi, michango na nauli. Chukua fomu ya kujiunga, isome mstari kwa mstari, ndipo upige jumla. Kwa laki saba mwaka wa kwanza wa bweni unakamilika na kitu kinabaki.

Mtwara ipo VETA ya mkoa na Lindi ipo. Fani unayoitaka inaitwa Uchomeleaji na Uundaji Vyuma. Ngazi zake ni tatu, NVA 1, 2 na 3, yaani vyeti vya taifa vya ufundi stadi. Wazee wetu walisoma kwa gredi, na gredi zilikwenda kinyume: gredi III ndiyo ilikuwa ya chini, I ya juu. Sasa hivi 3 ndiyo ya juu. Nakwambia hili kwa sababu nimeona mtu anajisifu ana "tatu" ya zamani akidhani yuko kileleni.

Kozi ndefu huanza Januari na fomu hutoka kabla ya hapo, kwa hiyo huu ndio wakati wako. Usisubiri mnada wa kwanza wa korosho.

#5 Msafiri wa Kusini

Huo mpango wa miezi mitatu naomba niuongelee, maana nimefanya kazi za mabomba na nimepimwa.

"Kodedi" siyo kozi. Ni mtihani wa mkono wako, kwa aina fulani ya mshono, kwa kiwango fulani. Mitambo na mabomba ya presha kiwango maarufu ni ASME sehemu ya IX, mabomba marefu ya gesi na mafuta ni API 1104, vyuma vya majengo AWS D1.1. Unapewa karatasi yenye maelekezo ya mshono: rodi gani, moto kiasi gani, unaanzia wapi. Ule mkao mgumu wenyewe, 6G, bomba limelazwa nyuzi 45 na limefungwa, halizungushwi. Wewe ndiye unalizunguka. Ukimaliza linapigwa picha ya eksirei au linakatwa vipande na kupindwa. Likionyesha ufa au tundu kupita kiwango, umeanguka.

Na hata ukishinda, kwa ASME usipochomelea kwa njia hiyo miezi sita, sifa yako imekufa hadi uthibitishwe tena. Sasa kijana ambaye hajawahi kushika holda, kile kishikio cha rodi, miezi mitatu, anatoka hapo yuko 6G? Wapo wenye kipaji, lakini mimi sijamwona. Hao wanakuuzia jina.

#6 Chikongola Kwetu

Msafiri hapo umesema. Wanawaahidi watoto wa watu gesi, na gesi yenyewe ilishapita kwenye bomba zamani.

#7 Mkerezaji

Habari za humu. Mtoa uzi kauliza swali zuri sana: kwa nini wanatoka hawajui? Nina jibu langu na linapimwa kwa kilo.

Kuchomelea ni mkono, na mkono unajengwa kwa rodi ulizochoma. Chukua mwanafunzi anayechoma rodi 20 kwa siku, siku 3 za karakana kwa wiki, wiki 40 za mwaka. Hizo ni rodi 2,400. Rodi ya geji 10 (geji ni kipimo cha unene) ina kama gramu 30, kwa hiyo ni kilo 72 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Darasa la watu 40 linakula karibu tani tatu. Hata ukipata kilo kwa shilingi 5,000, mwanafunzi mmoja ni 360,000 za rodi tu, bado chuma cha kuchomelea, diski za grenda na umeme.

Linganisha na ada ya 60,000. Pengo hilo lazima lizibwe na mtu: serikali, mfadhili, au karakana kupokea kazi za wateja. Lisipozibwa, mwanafunzi anachoma rodi tano kwa wiki na siku nyingine anaandika notisi. Ndiyo sababu ukifika chuoni usiulize ufaulu. Uliza mwaka jana walinunua kilo ngapi za rodi na wanafunzi walikuwa wangapi. Gawanya mwenyewe.

#8 Rodi Kavu

Mkerezaji, hesabu nzuri ila nirekebishe kidogo. Mwanafunzi anaanza na geji 12, siyo 10. Hiyo ni milimita 2.5, na rodi moja haifiki gramu 20. Kwa rodi zilezile 2,400 unashuka kama kilo 45. Pengo bado lipo, ila siyo la kutisha hivyo.

Halafu jina langu lina sababu. Rodi zenyewe zimehifadhiwaje? Sisi tuko pwani, unyevu wa Mtwara mnaujua. Rodi aina ya E6013 inavumilia. Aina ya E7018 haivumilii: ikinyonya unyevu inaingiza haidrojeni kwenye mshono, na chuma kizito kinapasuka baadaye, mshono ukiwa unapendeza kwa macho. Pakiti ikifunguliwa inatakiwa ikae kwenye oveni yake, joto la nyuzi 120 kwenda juu. Chuo kinachosema kinafundisha kazi za mabomba na hakina oveni ya rodi, mimi nageuza gari.

#9 Mwalimu wa Karakana

Nafundisha fani hii katika kanda yetu. Chuo sitakitaja, na hata kingekuwa kizuri nisingekitaja, maana nitaonekana napiga debe.

Hesabu ya rodi ni ya kweli ila haitoshi. Mkono usiosahihishwa unazoea kosa. Mwanafunzi anaweza kuchoma hizo 2,400 zote akiwa ameshika rodi kwa pembe mbaya, na mwisho wa mwaka anakuwa hodari wa kukosea. Anahitaji mtu asimame pembeni, amwambie punguza moto, fupisha umbali wa ncha, sogea taratibu, kisha ule mshono ukatwe wauone ndani. Mwalimu mmoja na vijana 40 hawezi. Kwenye karakana yenye mashine nane, wanane wanachomelea na 32 wanasubiri zamu. Umeme ukikatika saa nne, zamu ya waliobaki imekufa.

Kwa hiyo swali langu kwa mzazi ni hili: mashine nzima ngapi, wanafunzi wangapi kwa mashine moja. Wakizidi watatu au wanne, mtoto wako ataangalia zaidi ya atakavyofanya.

Na nisisitize, wapo walimu waliotoka kiwandani zamani sana. Mashine za inveta, zile nyepesi za kielektroniki, na uchomeleaji wa TIGI unaotumia gesi ya agoni, hivyo vimekuja nyuma yao. Tunaomba kurudi viwandani kujifunza, nafasi ni chache.

#10 Chikongola Kwetu

Mwalimu shikamoo. Nakuheshimu, lakini kuna kitu hamkifundishi kabisa na ndicho kinaua vijana wakifika mtaani: kukadiria chuma.

Mlango wa futi 7 kwa 3, tuseme mita 2.1 kwa 0.9. Nguzo mbili za 2.1 na vilalo viwili vya 0.9, jumla mita 6 kamili. Kijana wa cheti anamwambia mteja skwea paipu moja inatosha fremu. Anafika dukani, paipu nyingi ni mita 5.8 maana zinasafiri ndani ya kontena la futi 20. Na hata ukipata ya mita 6, diski inakula milimita mbili tatu kila unapokata. Tayari hasara, na mteja ameshalipa. Kijana wa kijiweni kosa hilo hafanyi, alishakatwa posho kwa ajili yake.

#11 Mwalimu wa Karakana

Marahaba. Makadirio yamo kwenye mtaala. Ila nakubali: kukadiria kwenye daftari na kukadiria mteja kasimama mbele yako na pesa yake ni vitu viwili. Wewe nawe kubali kwamba kijiweni kwenu nusu ya mafundi wanachomelea na miwani ya jua.

#12 Chikongola Kwetu

Hapo umenipata. Mimi nina kofia, vijana ndio wanaona inawachelewesha.

#13 Nesi Kusini

Naingilia hapo kwenye miwani. Miwani ya jua haizuii mionzi ya kuchomelea. Kwa rodi za kawaida mtaani kioo cha kofia kiwe cha giza namba 10 au 11. Wanaokuja usiku wanalia machoni kama wamemwagiwa mchanga ni wengi, na wengine wamewekewa maji ya majani ya miti ndipo waletwe. Hayo maumivu mara nyingi yanaisha kwa siku moja au mbili, ila usiweke kitu chochote jichoni ambacho hukupewa na mtaalamu. Baba Zulfa, ukitembelea chuo angalia kofia ngapi zina kioo kizima.

#14 Nyundo ya Masasi

Na maziwa je? Sisi tulifundishwa ukichomelea mabomba ya maji yale yenye zinki unywe maziwa nusu lita. Nimefanya hivyo maisha yangu yote na niko salama.

#15 Nesi Kusini

Kaka, maziwa ni chakula kizuri, kunywa. Lakini hayaondoi moshi wa zinki. Ule moshi ukiuvuta, saa chache baadaye unapata homa, baridi, mwili kuuma, ladha ya chuma mdomoni, na watu wanadhani ni malaria. Kesho au keshokutwa inaondoka yenyewe, na wewe unasema maziwa yamekuponya. Dawa ni kuondoa zinki kwa grenda pale unapochomelea na kufanyia kazi kwenye upepo. Na huku kwetu usijitibu kwa kubahatisha, kapime malaria pia.

#16 Nyundo ya Masasi

Nimekuelewa dada. Ila maziwa siachi.

#17 Mama Nachingwea

Turudi kwenye vyuo jamani. Mmetaja VETA na kijiwe kana kwamba hakuna kingine. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mmevisahau? Vipo tangu miaka ya 1970. Mtwara kuna Mtawanya, Masasi na Newala, Lindi kuna Chilala na Kilwa Masoko. Ufundi unafundishwa huko, mazingira ni ya watu wazima na ya vijana waliokwama shule. Kijana wa Tandahimba kwenda Newala ni karibu kuliko kwenda Mtwara mjini. Uliza tu kama fani ya vyuma ipo mwaka huo na nani anaifundisha, maana chuo na chuo vinatofautiana.

Na wenye mabinti msipite kimya. Vyuo hivi vina mpango wa Elimu Haina Mwisho, wasichana waliokatisha masomo, hata wenye watoto, wanapokelewa, na mtoto ana mahali pa kulelewa mama akiwa darasani. Binti yangu yuko kwenye uchomeleaji. Mshono wake umetulia kuliko wa kaka zake, hana haraka.

#18 Binti Mwera

Mama ahsante, hili ndilo nililokuwa nalisubiri. Mdogo wangu ninayemwulizia ni msichana.

#19 Rodi Kavu

Mama Nachingwea yuko sahihi. Ongezeni na vyuo vya misheni. Abasia ya Ndanda pale wilaya ya Masasi ina karakana za ufundi za siku nyingi, na wamonaki Wabenediktini wapo hapo tangu 1906. Faida ya karakana ya misheni ni kwamba inatengeneza vitu vya kutumika kweli, paa la kanisa, vitanda vya hospitali, tangi. Mwanafunzi anakua ndani ya kazi. Ada itakuwa juu ya ile ya serikali, ulizia.

Na chuo chochote, kiwe cha dini au cha mtu binafsi, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Zamani vyuo vya ufundi stadi vilikuwa vinasajiliwa na VETA yenyewe, siku hizi baraza ndilo linashika. Orodha ipo kwenye tovuti yao, simu ndogo inatosha kufungua.

#20 Fundi Asiye na Cheti

Mimi nimetokea kijiweni Mikindani. Nimechomelea miaka mingi bila karatasi. Zabuni ya madawati ya shule nikakosa kwa sababu hiyo tu, aliyepata akaja kunipa mimi kazi kwa nusu ya bei.

Ndipo nikasikia kuna urasimishaji wa ujuzi kupitia VETA. Unajaza fomu, wanakupima ulichonacho, wanakuonyesha mapengo yako, unapewa mafunzo mafupi kisha tathmini na cheti. Mimi pengo langu lilikuwa kusoma michoro na usalama. Kwa hiyo Chikongola, kijiwe na cheti siyo maadui. Kijana anaweza kuanza kijiweni akamalizia huko.

#21 Msafiri wa Kusini

Anaweza, lakini Fundi, wewe ulikosa zabuni kwa miaka yote hiyo kabla. Umri wa kijana una thamani. Cheti cha NVA 3 kinaweza kumfungulia mlango wa kuendelea hadi stashahada. Cheti cha urasimishaji kitamfanya fundi anayetambulika, na hilo ni zuri, ila njia ya kupanda juu ni ndefu zaidi.

#22 Nyundo ya Masasi

Stashahada aifanyie nini huku? Ajira ziko wapi? Mimi naona tunachanganya. Vijana hawajui kazi kwa sababu hawaoni mwisho wake. 2013 watu walichoma matairi kupinga bomba la gesi, 2015 bomba likazinduliwa kwenda Dar es Salaam, Wachina wamelijenga wakaondoka. Mtambo wa LNG, wa kugeuza gesi kuwa kimiminika, wa Likong'o kule Lindi tumeimbiwa, mkataba wa awali umesainiwa 2022, mpaka leo mashamba ni mashamba. Mtoto atajitahidi vipi karakanani?

#23 Mkerezaji

Nyundo, uchungu wako naujua, ila umeangalia gesi peke yake. Kiwanda cha saruji cha Dangote kipo hapahapa. Kiwanda cha saruji lazima kisimamishwe kwa matengenezo, na kipindi hicho wachomeleaji wa muda wanahitajika, hasa wanaojua kujazia vyuma vilivyolika. Bandari ya Mtwara imepanuliwa. Maghala ya korosho yanajengwa mapaa ya chuma. Matrela, matoroli, majiko, mageti. Kazi ipo, ila ni ya vipande.

Na kuna kitu Baba Zulfa hakukifikiria: ukerezaji (kuchonga vyuma kwenye mashine inayovizungusha) na fita (kuunganisha na kutengeneza mitambo). Huku kusini wachomeleaji wanajaa kila kona, fundi wa kukereza shafti ni wa kutafuta. Mashine za kubangulia na kukamua zikivunjika, kipuri kinasafirishwa hadi Dar es Salaam kuchongwa. Mwenye kujua mashine ya kukereza na kuchomelea kwa pamoja hakosi mteja. Waulize VETA na SIDO, shirika la viwanda vidogo.

#24 Chikongola Kwetu

Kukereza kwa mashine ya bei ya nyumba? Akimaliza chuo ataajiriwa na nani huyo mwenye mashine? Mpe kijana ufundi ambao kifaa chake kinabebeka. Inveta ndogo, grenda, nyundo, skwea ya kupimia pembe, ameanza maisha.

#25 Mkerezaji

Ndiyo maana nikasema kwa pamoja. Na vifaa vya pamoja vipo, kikundi cha vijana kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, nne kati ya hizo kumi ni za vijana.

#26 Nyundo ya Masasi

Kikundi! Tuliandika andiko sisi. Tuachie hapo.

#27 Mwalimu wa Karakana

Kabla mtoa uzi hajarudi, swali moja la kuuliza chuoni ambalo halina gharama. Muulize mwanafunzi yeyote utakayemkuta karakanani: mteja kaleta pipa tupu la petroli anataka likatwe, utafanyaje? Akikujibu nakata, ondoka. Mvuke uliobaki ndani ya pipa tupu unalipuka, na watu wamekufa kwa hilo. Aliyefundishwa atakwambia pipa hilo hakati, au kwanza litaoshwa na kujazwa maji kabla ya moto kusogea, na mwalimu awepo. Muulize pia kwa nini mafuta au grisi hayaguswi kwenye mtungi wa oksijeni. Majibu hayo mawili yatakueleza karakana inaendeshwaje.

#28 Baba Zulfa

Wakuu nimerudi, nashukuru sana. Nimekwenda na kijana mwenyewe tukaangalia.

Kile chuo binafsi cha miezi mitatu nimekitafuta kwenye orodha ya NACTVET kama alivyosema Rodi Kavu, jina hilo sikuliona. Nikawapigia, wakasema usajili "uko njiani". Nikawauliza kodedi ya kiwango gani, nani anapiga eksirei. Yule dada akakata simu. Basi, hicho nimekiweka pembeni.

Vyuo vingine viwili nilivyoingia nimepokelewa vizuri. Kimoja kina majengo mazuri sana na mashine zimepangwa zimefunikwa na nailoni. Kijana akanivuta shati akaniambia baba mdogo, sakafu ni safi mno. Kweli, hapakuwa na alama ya cheche hata moja. Mwenyeji wetu akasema ni wiki ya mitihani ya nadharia. Huenda ndivyo. Kingine majengo yamechoka, dirisha moja halina kioo, lakini pale nje kulikuwa na vitanda vya chuma vya shule vinamaliziwa rangi na vijana walikuwa ndani ya ovaroli zimetoboka kwa moto. Nilimuuliza mmoja lile swali la pipa. Akanijibu bila kufikiri, na akaongeza kwamba mwalimu wao alishawaonyesha kwa kopo dogo.

Kilo za rodi hawakuwa tayari kunitajia. Mashine nilihesabu zinazowaka, wanafunzi walikuwa watano kwa moja. Mwalimu wa Karakana humu alisema wasizidi wanne. Sasa nasimama wapi? Na hapo ni kutwa tu, bweni limejaa, itabidi apange chumba mjini.

#29 Rodi Kavu

Watano kwenye karakana inayofanya kazi ni bora kuliko wawili kwenye mashine zilizofunikwa. Mimi ningechukua hiyo ya vitanda.

#30 Mama Nachingwea

Kijana wa umri huo kupanga chumba peke yake mjini, pesa ya kula mkononi? Hapana. Tafuta ndugu au subiri bweni. Karakana nzuri haitamsaidia akiacha masomo mwezi wa tatu. Newala umekwenda?

#31 Msafiri wa Kusini

Kijana na ile sakafu safi, amenikosha. Kijana anayeona hivyo kabla hajaanza, popote atajifunza. Ila Mama ana hoja. Piga hesabu ya chumba na chakula kwa miezi kumi, huenda ile ya misheni yenye bweni ikawa rahisi kuliko hiyo ya kutwa.

#32 Baba Zulfa

Newala nakwenda wiki ijayo, Mama. Ndanda nitapiga simu kwanza. Fomu ya ile ya kutwa nimeshaichukua isije ikanipita.

#33 Chikongola Kwetu

Baba Zulfa, hadi Januari ni miezi minne, na mageti ya msimu wa korosho yanaanza kuagizwa sasa hivi. Mlete kijana kwangu kwa kipindi hicho, akate, apige rangi, ashike grenda, asikie kelele. Hata kama hakubaliki kule, atakuwa ameanza.

#34 Mwalimu wa Karakana

Akate na apige rangi, nakubali. Holda asishike hadi nimpate mimi au mwenzangu. Kuvunja mazoea ya miezi minne kunatuchukua muhula mzima.

#35 Chikongola Kwetu

Mwalimu, atashika. Kofia ninayo, kioo namba 11, hakijapasuka. Baba Zulfa nitumie namba yako pembeni nikuelekeze kijiwe kilipo.